Ukoo wa Rwakagara: waliomtawaza Mwami na kumwangusha

Tarehe 14 Novemba 1931, Mwami Yuhi wa Tano Musinga aliondoka ikulu yake ya Nyanza akiwa na mama yake, baadhi ya wake zake na watoto wake, akapelekwa Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu. Siku mbili kabla yake, Gavana Voisin wa Ruanda-Urundi alikuwa amemtangazia kwamba si mfalme tena. Kuuzuliwa peke yake kulitosha kumvunja moyo, lakini waliomchagulia mahali pa kuishi walimwongezea uchungu. Kamembe iko Kinyaga, na chifu mkubwa wa Kinyaga wakati ule alikuwa Rwagataraka, mtoto wa Rwidegembya. Musinga alikuwa amegombana na Rwidegembya kwa karibu miaka ishirini, na mtoto akaurithi ugomvi wa baba. Mfalme aliyeanguka akapelekwa kuishi mlangoni pa hasimu yake.

Na hasimu huyo alikuwa ndugu wa damu. Kanjogera, mama wa Mwami, alikuwa shangazi wa Rwidegembya. Wote walitoka katika nyumba moja, nyumba ya Rwakagara, tawi la ukoo wa Abega ambalo Wanyarwanda huliita Abakagara. Miaka 35 kabla ya safari ile ya Kamembe, nyumba hiyohiyo ilikuwa imemwaga damu ili kumweka Musinga kwenye kiti.

Habari zao husimuliwa kama habari za Nyanza: vikao vya usiku ndani ya ua wa mfalme, minong'ono, sumu, mashtaka ya uchawi. Hayo yalikuwepo. Lakini anayeifuata historia hiyo akiwa Gisenyi, mbele ya Ziwa Kivu, huona jambo ambalo masimulizi ya ikulu huligusa juujuu. Karibu kila mara ukoo huu ulipopanda au kushuka, kilichowapandisha au kuwashusha kilitokea ziwani au ng'ambo yake.

Tuanze na nasaba. Wafalme wa Rwanda walitoka ukoo wa Abanyiginya, lakini mfalme hakutawala peke yake. Alitawazwa pamoja na umugabekazi, yaani mama wa mfalme, ambaye alikuwa na watu wake, mifugo yake na sauti yake katika kila shauri zito. Mama huyo alitoka katika koo chache zilizoruhusiwa na desturi, na kati ya hizo Abega walikuwa wamekwisha kujijengea jina kabla Mzungu hajaiona nchi. Gaga, mtu wa Abega, alizaa binti aitwaye Nyiramongi aliyekuwa mama wa Mwami Mutara wa Pili Rwogera. Kaka wa Nyiramongi alikuwa Rwakagara. Kwa kuwa mjomba wa mfalme, Rwakagara alipata ardhi, ng'ombe na watu, na watoto wake walikulia karibu na kiti cha enzi: Cyigenza, Mbanzabigwi, Kabare, Ruhinankiko, na dada yao Kanjogera, ambaye Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri alimwoa.

Vyeo walivyovigombania vinahitaji maelezo, kwa sababu havikufanana na vya Ulaya. Katika sehemu nyingi za ufalme, mwananchi mmoja alikuwa na wakuu watatu juu yake. Chifu wa ardhi alikusanya haki za mfalme kutoka mashambani. Chifu wa malisho alisimamia nyasi na wenye ng'ombe. Chifu wa jeshi aliandikisha vijana wa vita na kudai sehemu yake ya mifugo. Watatu hao walichungana, na mwananchi aliyeonewa na mmoja angeweza kukimbilia kwa mwingine. Mtu mkubwa wa ikulu alijikusanyia vyeo vya namna hiyo katika mikoa tofauti, vingine mbali sana na nyumbani kwake, akiviendesha kupitia wadogo na watoto wake. Ila vyote vilikuwa vya mfalme. Mwami akikasirika, mtu alinyagwa: ng'ombe, ardhi na watu wake walichukuliwa wote kwa pamoja, na aliyeshinda kama tajiri akalala hana hata mchungaji.

Rwabugiri alikuwa fundi wa kunyaga. Aliwapandisha watu wasio na jina na kuwaporomosha wenye asili, na maisha yake karibu yote yalikuwa vita. Vingi kati ya vita hivyo vilipiganwa kando ya Kivu. Alikiteka kisiwa cha Ijwi, akapambana na Bushi upande wa magharibi, na huko Rubengera, juu ya ziwa, akajenga moja ya makao yake makuu. Bugoyi, nchi ambamo Gisenyi ipo, ilizidi kubanwa katika enzi yake. Huku kaskazini-magharibi mwenye shamba alikuwa yule ambaye babu yake alifyeka msitu. Haki hiyo iliitwa ubukonde, na aliyekuja baadaye kuomba mahali pa kulima alimtambua kwanza mkonde, yaani mwenye haki hiyo, si mfalme. Wajumbe wa ikulu walipofika kudai kodi walikuta watu waliozoea kujipangia mambo yao.

Tena walikuta biashara. Masoko ya Bugoyi yalipokea ubutega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo wa milima iliyo magharibi ya ziwa. Wanawake walizivaa miguuni kwa wingi, pete juu ya pete. Bangili hizo zilihesabiwa kwa mafungu, zikabadilishwa kwa mbuzi, kwa chakula, hata kwa ng'ombe, na sehemu yake ikapanda kwenda ikulu kama ushuru. Kwa mtu mkubwa wa Nyanza, cheo cha kusimamia mpaka kama huu kilikuwa na faida inayoonekana kwa macho.

Mwaka 1889 Rwabugiri alifanya uamuzi ambao wanahistoria wengi wa Rwanda huutaja kama mzizi wa balaa. Alimteua mtoto wake Rutarindwa kuwa mrithi na kutawala pamoja naye. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekufa, na kwa kuwa hakuna mfalme asiye na umugabekazi, Rwabugiri akamchagulia mama wa kuasili: Kanjogera. Mwanamke huyo alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, Musinga, na kaka zake walikuwa watu wenye nguvu. Kumkabidhi mrithi mikononi mwa mama wa namna hiyo kulikuwa kumtega. Abiru, watunza siri za ufalme, waliijua hatari hiyo, na Rwabugiri mwenyewe aliwaweka watu aliowaamini, miongoni mwao Bisangwa, wamlinde kijana.

Katikati ya mwaka 1894 akatokea mgeni. Gustav Adolf von Götzen, mtukufu wa Kijerumani mwenye cheo cha kurithi, alivuka nchi kutoka mashariki na kukutana na Rwabugiri huko Kageyo, kisha akapanda Nyiragongo na kufika ufuko wa kaskazini wa Kivu. Baadaye angekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wasomaji wa Tanzania wanalijua jina lake kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Safari hiyo alipita tu. Hata hivyo, watu wa ikulu waliona bunduki zake, na hakuna mwerevu aliyesahau.

Rwabugiri alifariki Septemba 1895, akiwa katika safari nyingine ya vita dhidi ya Bushi, huko huko Kivu. Rutarindwa akawa Mibambwe wa Nne, na Kanjogera akawa Nyiramibambwe.

Mwaka haukuisha vizuri kabla ziwa halijaleta pigo la pili. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kikiongozwa na Sandrart kilijenga kituo Shangi, Kinyaga. Jeshi la mfalme lilipelekwa kuwafukuza, likaangamizwa kwa risasi. Bisangwa aliuawa hapo. Tunaweza kulisoma tukio hilo kama mwanzo wa ukoloni, na ndivyo lilivyo. Kwa familia ya Rwakagara lilikuwa pia kuondolewa kwa kizuizi, maana mlinzi mkuu wa Rutarindwa alikuwa amelala chini na heshima ya mfalme mpya ilikuwa imechanika mbele ya wapiganaji wake. Wabelgiji wa Shangi hawakujua hata kidogo kwamba walikuwa wameingilia urithi wa kiti.

Yaliyofuata yalitokea Rucunshu, kilima kisicho mbali na Kabgayi, mwishoni mwa 1896. Mfalme na ikulu yake walikuwa wamepiga kambi hapo. Vita vilianza kati ya watu wa Rutarindwa na watu wa Kabare, na masimulizi yanakubaliana kwamba mwanzoni Abega walikuwa wanashindwa. Inasimuliwa kwamba Kanjogera alikuwa tayari kujiua pamoja na mwanawe kuliko kutekwa. Kisha msaada ukawafikia, upepo ukageuka, na Rutarindwa akabaki amezingirwa. Aliichoma nyumba akiwa ndani yake, pamoja na mkewe Kanyonga na watoto. Ngoma kuu Kalinga, ambayo bila yake hakuna mfalme, ilikuwa humo ndani ya moto.

Hapo ndipo Kabare alipofanya kitendo ambacho kila Mnyarwanda aliyesoma historia anakijua. Alimnyanyua Musinga, kijana wa miaka kama kumi na mitatu, akamwonyesha kwa wapiganaji, akawaambia kwamba mfalme ndiye huyu, ngoma huchongwa nyingine. Kwa abiru, maneno hayo yalikuwa kufuru. Kwa Kabare yalikuwa siasa tupu: aliye hai mikononi mwangu anashinda kitu kitakatifu kinachoungua. Musinga akapewa jina la Yuhi wa Tano, na mama yake akabadili cheo kutoka Nyiramibambwe kuwa Nyirayuhi. Mwanamke mmoja, majina mawili ya enzi, wafalme wawili.

Je, Kabare alikuwa mwasi? Kwa sheria za ufalme, ndiyo. Aliinua silaha dhidi ya Mwami aliyetawazwa na baba yake mwenyewe, na Mwami huyo akafa. Lakini walioshinda ndio waliosimamia washairi na watunza kumbukumbu kwa miaka 35 iliyofuata, na padri Alexis Kagame, aliyeandika mapokeo ya ikulu kwa wingi kuliko mtu mwingine yeyote, alilazimika kuyapokea kutoka katika mazingira hayo. Mwanahistoria Mmarekani Alison Des Forges alipitia njia nyingine: wazee waliokuwa hai bado, pamoja na shajara za misheni. Utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Yale wa 1972 ulichapishwa kama kitabu mwaka 2011, miaka miwili baada ya kufa kwake katika ajali ya ndege. Humo Kanjogera na kaka zake hawaonekani kama majini wa hadithi. Ni wanasiasa wenye hofu, walioua ili wasiuawe, kisha wakaendelea kuua kwa sababu hofu haikuisha. Mwandishi huyu anaamini sura hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na haiwapunguzii hatia.

Nyumba ya watukufu inayozidi kukua mpaka mfalme akashindwa kupumua haikuwa ya Rwanda pekee. Huko Scotland, ukoo wa Douglas ulifikia hatua hiyo katika karne ya 15. Februari 1452 Mfalme James wa Pili alimwalika mkuu wa ukoo huo, William Douglas, katika ngome ya Stirling na kumchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1455 vyeo na ardhi ya nyumba hiyo vikachukuliwa na dola. Tofauti moja ni kubwa. Mfalme wa Scotland alimaliza ugomvi wake bila gavana wa kigeni aliyeketi kati yao. Wana wa Rwakagara hawakuipata nafasi hiyo.

Machi 1897, miezi michache tu baada ya Rucunshu, kapteni Mjerumani Hans Ramsay alifika ikulu. Kanjogera na kaka zake waliamua haraka: baada ya Shangi, aliye na bunduki ni heri awe rafiki. Hata hivyo hawakumwonyesha mtoto wao. Mtu mzima aitwaye Mpamarugamba aliketishwa badala ya Musinga, na miaka mitatu baadaye, Askofu Hirth alipofika kuomba ruhusa ya kufungua misheni ya kwanza huko Save, alionyeshwa mtu huyohuyo. Wakati huohuo usafishaji uliendelea ndani. Muhigirwa, mtoto wa Rwabugiri mwenye nguvu kusini, aliangamia 1897 baada ya kujaribu kupinga. Watoto wengine wa mfalme aliyetangulia walijifunza kunyamaza.

Mshindi hakubaki mmoja. Kabare, aliyebeba mzigo wa Rucunshu, alisukumwa kando na ndugu yake Ruhinankiko, ambaye Kanjogera alimpenda zaidi kwa wakati ule. Kwa miaka kadhaa mtu aliyemweka mfalme alikaa mbali na sikio la mfalme. Kisha, ilipofika 1905, mambo yalikuwa yamegeuka: Kabare alirudi, na Ruhinankiko akapoteza mamlaka yake. Ndugu wawili wa tumbo moja la siasa walitendeana yaleyale waliyokuwa wamewatendea watoto wa Rwabugiri, ila bila moto. Katikati yao alisimama Kanjogera, akimwinua huyu na kumshusha yule. Wageni wengi walidhani kwamba Musinga ndiye mwenye maamuzi, na wengi walikosea.

Huku Bugoyi dunia ilikuwa inabadilika kwa njia nyingine. Wajerumani waliweka kituo Gisenyi ili kuwakodolea macho Wabelgiji upande wa pili. Aprili 1901 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo, kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji. Kwa mkulima wa Bugoyi, padri alikuwa mtu ambaye angeweza kumshitakia chifu wa ikulu, na baadhi ya machifu walichukia sana jambo hilo. Kisha mwaka 1910, mezani Brussels, mipaka ikakatwa. Ijwi, Goma, Jomba na Bwisha zikawa za Kongo ya Wabelgiji, na Gisenyi ikabaki upande wa Wajerumani. Mstari huo ndio unaopita leo pale Petite Barrière, ambapo wachuuzi wa Gisenyi na Goma huvuka na mabeseni ya mboga na samaki. Nyanza haikuulizwa. Nchi ambazo Rwabugiri alizipigania miaka mingi, na ambazo watukufu wa ikulu walitarajia vyeo kutoka kwazo, ziliondoka kwa kalamu.

Kabare alikufa 1911. Mwaka uliofuata, milima ya kaskazini ikawaka. Mtu aitwaye Ndungutse alijitokeza akidai kuwa mtoto wa Rutarindwa aliyenusurika, mrithi halali, aliyekuja kuwafukuza Abega waliopora kiti. Aliahidi kuondoa ubureetwa, ile kazi ya bure ya siku kadhaa kwa chifu, na watu walimfuata kwa maelfu. Sikiliza hapo: miaka kumi na sita baada ya Rucunshu, kilomita nyingi kutoka Nyanza, jina la mfalme aliyeungua lilitosha kuinua nchi. Wakulima ambao hawakuwahi kuikanyaga ikulu walijua vizuri nyumba ipi ilikuwa imewakalia. Aprili 1912 Luteni Gudowius aliwashambulia akiwa na askari wa Kijerumani pamoja na wapiganaji wa machifu wa Musinga, na Ndungutse akauawa. Vijiji vilichomwa. Abega waliokolewa na bunduki za rafiki waliyemchagua mwaka 1897.

Baada ya Kabare, mkubwa wa nyumba alikuwa Rwidegembya, mtoto wa Cyigenza. Mwaka huohuo wa 1911 alipata mamlaka makubwa Kinyaga, na akampeleka mwanawe Rwagataraka kwenda kukaa huko. Musinga sasa alikuwa mtu mzima na alitaka kutawala. Kila hatua aliyoichukua kujitoa chini ya wajomba ilimgonganisha na binamu. Mwami akamwonea wivu Rwidegembya kwa utajiri wake; Rwidegembya akamwona Mwami kama mtoto aliyebebwa na baba zake wadogo. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kummaliza mwenzake, kwa hiyo kila mmoja alianza kumtafuta Mzungu wa kumsaidia.

Vita Kuu vya Kwanza vikawaletea Mzungu mpya. Septemba 1914 Kapteni Max Wintgens, akitokea upande huu wa ziwa, alikitwaa kisiwa cha Ijwi, na Musinga akatoa vijana waliopigana pamoja na Wajerumani wakiitwa Indugaruga. Gisenyi ikawa mstari wa mbele kwa karibu miaka miwili. Mwezi Mei 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda kwa nguvu, Kigali ikaanguka, Wintgens akauacha mji wa Gisenyi na kurudi nyuma ili asizingirwe. Waliolipa gharama walikuwa watu wa Bugoyi na jirani zao. Majeshi yalikuwa yamekula mazao, wanaume wamechukuliwa kubeba mizigo, na njaa iliyoitwa Rumanura ikaiteketeza kaskazini-magharibi hadi 1918. Katika masimulizi ya fahari za ikulu njaa hiyo hupewa sentensi moja. Huku ilizifuta familia nzima.

Wabelgiji hawakuwa Wajerumani. Wajerumani, wakiwa wachache, walimtegemea Mwami na kumwacha na mambo yake mradi alikubali bendera. Wabelgiji walianza kumpunguza kipande kwa kipande. Mwaka 1917 walimlazimisha kutangaza uhuru wa dini. Miaka ya 1920 wakamnyima haki ya kuteua na kufukuza machifu bila idhini yao. Mwaka 1925 wakamkamata Gashamura, mkubwa wa abiru, na kumhamishia Gitega, Burundi. Bila Gashamura, ibada ya mavuno na mambo mengine yaliyomfanya mfalme awe mfalme yalikosa msingi. Kisha kuanzia 1926, chini ya Mortehan, Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Ubelgiji nchini, vile vyeo vitatu vya ardhi, malisho na jeshi viliunganishwa kuwa kimoja. Chifu mmoja, eneo moja, bosi mmoja wa Kibelgiji. Mwananchi aliyekuwa na wakuu watatu wa kukimbilia akabakiwa na mmoja wa kumwogopa. Watukufu waliokuwa wamejikusanyia vyeo vilivyotawanyika kila mkoa walipata pigo, isipokuwa wale waliowahi kusimama karibu na Resident.

Na nyumba ya Rwakagara iliwahi. Kizazi kipya cha ukoo huo, Rwagataraka huko Kinyaga na Kayondo mwana wa Mbanzabigwi, kilielewa kwamba kunyagwa na kupewa hakutoki tena Nyanza. Kundi la machifu waliojitenga na Mwami na kuwafuata Wabelgiji na mapadri liliitwa Inshongore, na Abega walikuwa mbele. Walipeleka malalamiko, walitoa habari za ikulu, walisaidia kuijenga picha ya Musinga ambayo Wabelgiji waliihitaji: mshirikina, mkaidi, adui wa maendeleo. Askofu Léon Classe, aliyemjua Mwami tangu ujana, aliunga mkono kuondolewa kwake. Musinga alikataa ubatizo hadi mwisho. Katika orodha ya makosa aliyosomewa 1931, ukaidi huo ulikuwa na uzito zaidi kuliko walivyokubali kusema waziwazi.

Tarehe 16 Novemba 1931 mtoto wake Rudahigwa alitangazwa kuwa Mutara wa Tatu. Mama yake, umugabekazi mpya, alikuwa Kankazi. Msomaji aliyeifuata nasaba ataona mara moja: Kankazi alikuwa binti wa Mbanzabigwi, dada yake Kayondo, mjukuu wa Rwakagara. Kanjogera alishuka kutoka kiti cha umugabekazi, na binti wa kaka yake akapanda. Nyumba iliyomwangusha mfalme ikawa pia nyumba ya mama wa mfalme aliyefuata, kama ilivyokuwa Rucunshu. Mara hii tu, hakuna aliyepigana. Barua za serikali zilitosha.

Kanjogera alikufa uhamishoni Kamembe mwaka 1933, mwanamke aliyeamua maisha na vifo vya nchi kwa miongo minne. Mwaka 1936 Musinga alipata mtoto hapo, Ndahindurwa. Mwaka 1940, vita vya pili vikiwa vimeanza na Wabelgiji wakihofia kwamba mfalme wa zamani bado anawakumbuka Wajerumani, walimhamisha tena, safari hii mbali kabisa na nchi, hadi Moba kwenye Ziwa Tanganyika. Rwagataraka hakuishi sana baada ya jirani yake kuondoka; alikufa 1941. Musinga alifia Moba 1944. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1943, mtoto wake Rudahigwa alikuwa amebatizwa Kabgayi kwa mikono ya Askofu Classe, pamoja na Kankazi, aliyechukua jina la Radegonde.

Bugoyi nayo ilipata mtukufu wake wa nyumba iliyoanguka, kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami aliwekwa kuwa askofu na kukabidhiwa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kufikia cheo hicho katika makoloni ya Ubelgiji. Alitoka katika ukoo wa wafalme wa Gisaka, ufalme wa mashariki ambao Rwogera, mpwa wa Rwakagara, aliumeza katika karne ya 19. Wazee wake walipoteza ngoma yao kwa jeshi la Rwanda. Yeye alikaa juu ya Gisenyi kwa miaka zaidi ya ishirini, akakusanya mila, miiko na desturi za nchi nzima katika vitabu vilivyochapwa hapo Nyundo, vikiwemo vya mambo ambayo mapadri waliomtangulia walikuwa wameyaita ya shetani. Alistaafu 1973 na kufariki mwaka 1986.

Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura Julai 1959, hana mtoto, na kiti kikaenda kwa Ndahindurwa, yule aliyezaliwa Kamembe. Akawa Kigeli wa Tano. Mnamo 28 Januari 1961, wakati yeye akiwa nje ya nchi, mkutano wa Gitarama ulitangaza jamhuri. Pamoja na mfalme vilikwenda umugabekazi, abiru, na heshima ya kuwa mjomba wa Mwami, yaani kila kitu ambacho wana wa Rwakagara walikipigania tangu siku za Nyiramongi. Kigeli aliishi uhamishoni kwa miaka 55, sehemu kubwa Afrika Mashariki na kisha Marekani, ambako alifariki Oktoba 2016. Mwili wake ulirudishwa, na Januari 2017 akazikwa Mwima, Nyanza, karibu na kaburi la Rudahigwa.